Matawi ya Mwaloni wa Lambert

Jumapili, 5 Mei 1867

Jua, upepo kidogo.

Hayo ndiyo niliyotakiwa kuandika. Lambert amenipa daftari hili niandike hali ya hewa kila mchana, maana mchana yeye yuko shuleni anafundisha Kilatini na hesabu, na nyigu wake, anasema, hutoka au hujificha kwa kufuata jua. Nikamwambia, mwanangu, mimi nilisoma majira ya baridi tu, mpaka Komunyo ya kwanza. Kiangazi nilikuwa nachunga mabata bukini. Akasema inatosha. Basi nimeandika jua, ukurasa umebaki mtupu, nami nina jambo limenikaa kooni.

Leo baada ya misa alipita mke wa mkuu wa mji. Wanaume wote walivua kofia. Mwanangu hakuvua. Ndani ya kofia yake amebandika kizibo kipana, na wadudu anaowakamata njiani huwachoma humo kwa sindano. Leo asubuhi alikuwa amepata wawili kwenye ukuta wa makaburi. Akainama shingo imekakamaa, kama mtu aliyejitwika mtungi uliojaa. Drüke Hölscher, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akaniita kwa jina nyuma yangu, "Sina, kofia ya mwanao imeota mizizi?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Ndilo lililonikaa kooni.

9 Mei

Mvua.

12 Mei

Jalidi, umande uliganda usiku. Maharage yangu yameungua yote.

Kifurushi kimekuja kutoka Vienna, kimeandikwa kwa Bwana Mtaalamu Mheshimiwa Terhorst. Tarishi alikisoma kwa sauti toka kona ya mwoka mikate mpaka mlangoni petu, ili kila dirisha lisikie. Ndani mlikuwa na nyigu wakavu, wembamba kama uzi. Lambert alikaa nao mezani akitabasamu kama mtu aliyeletewa mchumba. Nikamwambia afadhali wangekuletea huyo mchumba. Akasema, "Mama, mchumba hakai kwenye kisanduku." Nikacheka mpaka nikamwaga kahawa. Akiwa ndani ya nyumba ananifurahisha sana mtoto huyu. Ni nje tu.

19 Mei

Jua.

Nyuma ya ukuta wa bustani yetu, kwenye njia ya malisho, upo mwaloni ambao Lambert anautunza kuliko koti lake. Matawi ya chini ameyafunga tepe nyekundu. Viwavi waliomo hulala mchana ndani ya mfuko wa nyuzi walioufuma kwenye shina, na jioni hutoka wakifuatana kichwa kwa mkia, mmoja mbele, nyuma wawili, nyuma watatu, kama waumini wa maandamano. Huu ni mwaka wa tatu anawaangalia. Anasema kuna nyigu wadogo wanaotaga ndani ya miili ya viwavi hao, mtoto wa nyigu akamla kiwavi kwa ndani, na bila nyigu hao misitu yetu ingebaki vijiti. Ni nyigu gani, na hutoka lini, hakuna aliyepata kuandika. Anataka kuandika yeye.

Leo amenipeleka kunionya. "Mama, mti huu usiuguse. Wala usianike nguo karibu nao." Akaanza kunieleza jambo juu ya nywele za viwavi. Sikulisikia lote. Drüke alikuwa anapita na ndoo, na mwanangu alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi na suruali ya kufundishia, anaongea na gome la mti. Nilikuwa naomba amalize tu. Nikajibu, ndiyo, ndiyo, nimesikia.

2 Juni

Mawingu.

Paroko amekuja, akanywa kahawa, akachelewa kusema alilojia. Mwishowe akasema kamati ya shule itakaa siku ya Mtakatifu Yakobo kuamua kama Lambert athibitishwe kazini moja kwa moja au atafutwe mwingine. "Kwa ufundishaji sina neno, Mama Terhorst. Lakini watu wanasema. Jumapili mchana wenzake wako kwenye ibada, yeye yuko mtaroni. Wanauliza kama mtu anayepiga magoti namna hiyo mbele ya wadudu bado anajua kupiga magoti mbele ya Mungu."

Nikasema, "Anajua, Padre." Sikusema zaidi. Mbona sikusema kwamba kila jioni nasikia sala zake kupitia ukutani?

Asipothibitishwa ataondoka. Ataenda mji mwingine, na mimi nitabaki na Drüke na mabata.

9 Juni, Pentekoste

Jua. Vijana wamekata matawi ya mibetula kupamba kila mlango. Miti ya barabarani imebaki kama kuku aliyenyonyolewa.

16 Juni

Jua kali. Lambert anazidi kuwa mweusi kama mvunaji.

Mwaka huu zamu ya altare ya sikukuu ya Mwili wa Bwana ni ya mtaa wetu, na itasimama mbele ya mlango wetu. Nimeiombea zamu hii tangu marehemu mume wangu yu hai. Paroko atapiga magoti pale pale ambapo marehemu alikuwa akichongea viatu vya mbao.

18 Juni

Jua. Lambert ameondoka na gari la posta kwenda Münster, kuna bwana mmoja pale ana makabati ya nyigu. Atarudi Alhamisi asubuhi kwa maandamano, ameahidi.

Mlinzi wa msitu amewarudisha wanawake wetu mikono mitupu. Mibetula imekwisha, anasema, bwana wake hataki tawi hata moja likatwe tena. Tumekaa kwa Drüke tukijiuliza altare tutaipamba kwa nini. Drüke akasema, "Tutundike soksi." Mwingine akasema, "Tutundike viwavi wa Mwalimu, si wanajua maandamano." Wakacheka wote, wakinitazama kama nitacheka. Safari hii sikucheka. Nikarudi nyumbani nimevimba.

19 Juni

Umande mwingi, baadaye jua.

Nimeyafanya. Asubuhi mapema nilivaa koti la ngozi la marehemu, nikachukua mundu na toroli, nikaenda kwenye mwaloni. Majani yake hayana mfano, mapana, yanang'aa. Viwavi walikuwa wamelala katika mfuko wao, matawi hayakuwa na hata mmoja. Nikafungua tepe nikakata. Nilijiambia hivi: mwanangu amewapa wadudu mti mzima miaka mitatu, Mungu naye apate matawi ya asubuhi moja.

Wanawake walipoona toroli, Drüke alishika kiuno. "Sina, umeyaiba wapi haya?"

Nikasema, "Ni Lambert. Amekata kabla hajaondoka. Amesema ni ya Bwana."

Lilitoka lenyewe, kama chafya. Na walivyobadilika. "Kumbe." "Kumbe Mwalimu ana dini." Drüke alikumbatia fungu zima akalipandisha juu ya tao la altare, akasema, "Yananilowesha kifua, lakini kwa ajili ya Bwana nitavumilia. Mwambie mwanao leo amenifunga mdomo."

Nimeoka keki ya cheri. Niseme kweli, nina furaha leo.

20 Juni, Mwili wa Bwana

Siwezi kuandika vizuri. Nitaandika kama yalivyotokea.

Kulikuwa na jua na upepo wa ghafla ghafla. Wasichana wadogo walitangulia na magauni meupe, mikono wazi, wakimwaga maua kwenye vumbi. Klärchen, mjukuu wa Drüke, mimi ndiye niliyempokea alipozaliwa, alikuwa na shada kubwa kuliko kichwa chake. Nyuma yao Paroko chini ya mwavuli wa dhahabu, unashikwa na wanaume wanne. Wakafika mlangoni petu. Paroko akapiga magoti chini ya tao langu, watoto wakapiga magoti kumzunguka, kengele ikalia, upepo ukatikisa majani.

Ndipo nikamwona Lambert kwenye kona, begi la safari begani. Alitazama tao. Halafu akanitafuta kwa macho, akaniona. Naujua uso wa mwanangu tangu siku ya kwanza, lakini ule sikuwahi kuuona. Akapita katikati ya watu waliopiga magoti, akawaruka, akamshika Paroko bega wakati ameinua Ekaristi. "Padre, toka chini ya majani haya. Watoeni watoto. Watoeni sasa hivi."

Wanaume wawili walimkamata wakamtoa. Nilisikia mtu akisema kalewa. Baraka iliendelea, Mungu wangu, iliendelea mpaka mwisho, kwa heshima, polepole.

Ilipofika saa ya chakula watoto walikuwa wanajikuna. Ilipofika jioni mji wote unajikuna. Vipele vyekundu shingoni, mikononi, machoni. Wanasema Paroko hawezi kufunga kola. Mke wa mkuu wa mji amelala na vitambaa usoni. Mimi, kwa lile koti la ngozi na ule umande, nina kipele kimoja tu kwenye kifundo cha mkono.

Na Klärchen anapumua kwa filimbi.

21 Juni

Jua.

Lambert alishinda kutwa akienda nyumba kwa nyumba. Anawaambia wafue nguo zote za jana, waoge maji mengi, wasijisugue, wasikung'ute. Kumbe ndizo zile nywele. Viwavi wakikua huota vinywele visivyoonekana, vinachoma kama upupu, na vinabaki kwenye majani na hewani hata kiwavi mwenyewe akiwa amelala. Ndilo alilokuwa akinieleza siku ile nikimtazama Drüke na ndoo yake.

Milango mingine walimfungia. Kwa Hölscher hawakumfungulia kabisa; aliyasema maelezo yake kwa sauti, amesimama kwenye ua, akaondoka.

Nilikuwa kwa mwoka mikate. Drüke alikuwa mbele yangu, macho mekundu kwa kukesha. Mke wa mwoka mikate akauliza mtoto yuko vipi. Drüke akasema, "Anavuta pumzi kama mlango mbovu. Na muuaji wake anatembea mjini akitufundisha kuoga. Amekata matawi kwa mkono wake, akayaleta kwa Bwana wetu na sumu ndani. Halafu anakuja mbio, toka, toka. Alijuaje, kama si yeye aliyeyatega?"

Mke wa mwoka mikate alinitazama. Drüke akageuka akaniona na kikapu changu. Hakuomba radhi. Nami nilinunua mkate mweusi nikatoka.

Jioni Lambert alikaa kula. Amekwisha kusikia mjini kwamba ni yeye aliyekata. Nilingoja aniulize. Alisema tu, "Mama, mikono yako mizima?"

Nikasema, mizima.

Akasema, "Vizuri." Akaendelea kula.

24 Juni

Mvua, afadhali. Klärchen ni vile vile. Nimempelekea mchuzi wa kuku. Drüke alipokea bakuli mlangoni akarudisha mlango. Mama huyu ndiye aliyemwosha na kumvika marehemu mume wangu, kama jirani wa kwanza apaswavyo. Wanasema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Na aibu ya mzima je, nani anaijua?

26 Juni

Mawingu. Paroko alimwita Lambert. Aliporudi nikamwuliza umemwambia nini. Akasema, "Nimemwambia mti ni wangu. Nilipaswa kuuwekea uzio."

"Hukusema lingine?"

"Kuna lingine, Mama?"

Alinipa nafasi. Alisimama kabisa, kofia mkononi, akangoja. Nikasema supu inaungua.

28 Juni

Jua. Nimekwenda kuungama, kesho ni Petro na Paulo. Nimesema yote kwenye kitubio, mti, mundu, uongo. Nyuma ya wavu nilisikia Paroko akijikuna polepole. Akanipa rozari kama malipizi, akaniondolea dhambi. Nimetoka mwepesi kama manyoya. Sasa Paroko anajua. Yumo kwenye kamati. Yatakwisha.

30 Juni

Jua. Mahubiri yalikuwa juu ya mavuno. Hakugusia.

3 Julai

Jua. Hakuna neno. Tarishi ameleta barua ya Lambert akaitupa uani.

7 Julai

Joto, radi mbali.

Klärchen amekaa kitandani, amekula uji. Mungu asifiwe. Nimelia jikoni.

Nilimfuata Paroko bustanini kwake, alikuwa anafunga maharage kwenye miti. Nikamwambia, "Padre, mbona hujasema?"

"Kusema nini, Mama Terhorst?"

"Lile. Kwa kamati."

Alinitazama sana. Vipele vilikuwa bado kwenye kifundo chake cha mkono, alikuwa anavisugua na kamba ya katani. "Mimi sijui lolote," akasema. "Kuna mambo mtu akiniambia mahali fulani, yanazikwa pale pale. Kwenye kamati nitakaa kama maharage haya. Mwenye neno aliseme huku kwenye jua."

Nilirudi nyumbani. Nimelipeleka kosa langu mahali pamoja tu katika mji huu ambapo haliwezi kumsaidia mwanangu. Nilitaka kujifanya kwamba sikufikiri. Lakini mtoto wa miaka saba hapa anajua siri ya kitubio, mimi mwenyewe nilifundishwa na mama yangu tukichambua njegere. Nilijua. Nilichagua sikio lisilo na mdomo.

12 Julai

Jua. Nilianza kumwambia Lambert asubuhi. Nikamwuliza kama anataka yai.

15 Julai

Jua.

Ameanza kupanga vitabu vyake kwenye makasha. Sikumwuliza. Masanduku ya nyigu ameyapanga kando, kila sanduku amelifunga kwa kitambaa kama mtoto mchanga. Alinionyesha mmoja, mweusi, kiuno chembamba kama nywele. Nikamtazama kweli, mara ya kwanza, sikuangalia dirishani nani anapita. Mabawa yake yana rangi za sabuni. Nikasema ni mzuri. Akasema, "Ni kutoka mwaloni, mwaka juzi. Mmoja tu. Mwaka huu nadhani watatoka wengi, mapema Agosti. Kama bado nitakuwa hapa."

Mtoto huyu amebeba uongo wangu karibu mwezi mzima, na bado ananionyesha vitu vizuri.

20 Julai

Mvua.

24 Julai

Sijui hali ya hewa. Sikutazama.

26 Julai

Jana, siku ya Mtakatifu Yakobo, kamati ilikaa nyumbani kwa Paroko. Lambert aliitwa, akaenda na koti lake jeusi. Mimi nilikaa jikoni namenya viazi. Nilimenya vingi kupita kula yetu. Halafu nikaweka kisu, nikaenda na aproni yangu.

Viatu vya mbao nilivivua mlangoni, nikaingia na soksi. Walikuwepo Paroko, mkuu wa mji Bwana Brüning, mwoka mikate, na Drüke aliyeitwa kueleza ya mjukuu wake. Lambert alikuwa amesimama. Aliponiona akatikisa kichwa kidogo, kama kuniambia nirudi.

Nikasema, "Matawi nimekata mimi."

Bwana Brüning akasema kwa upole, "Mama Terhorst, keti."

"Sikai. Lambert alinikataza nisiuguse mti ule. Alikwenda Münster, nikakata. Nikawaambia wanawake amekata yeye."

"Mama yeyote angesema hivyo leo," akasema Bwana Brüning. Mwoka mikate akaitikia, "Wangu pia angesema." Wakanitazama kwa huruma. Hapo ndipo nilipoona nimefika wapi. Uongo wangu waliuamini papo hapo, wakausifu. Ukweli wangu wanaupokea kama maradhi ya uzee. Nilimtazama Paroko. Alikuwa anatazama meza.

Nikamgeukia Drüke. "Drüke, ulipandisha wewe yale matawi kwenye tao. Yalikuwaje?"

"Yalikuwaje vipi. Ya kijani."

"Ulisema yanafanya nini kifuani pako?"

Drüke alijishika kifuani. Ni mwanamke aliyekata majani ya mifugo maisha yake yote, hakuhitaji kusomewa. "Yalikuwa yananilowesha," akasema. "Umande. Yalikuwa mabichi, hayajalegea hata jani." Akawageukia wanaume. "Mwalimu aliondoka na gari la posta Jumanne, nilimwona mwenyewe na begi lake. Haya yalikatwa Jumatano asubuhi. Mwaloni uliolala siku nzima kwenye toroli kwa jua lile ungekuwa matambara."

Halafu Drüke alinijia karibu. Sauti yake haikupanda.

"Nilimwita mwanao muuaji mbele ya mikate. Wewe ulikuwa nyuma yangu na kikapu."

"Nilikuwepo."

"Ukanunua mkate."

"Nilinunua."

"Mimi kama jirani wako wa kwanza," akasema, "siku nikikuvika sanda nitaikumbuka hiyo." Akatoka.

Bwana Brüning alimwuliza Lambert kama alijua. Akasema alijua tangu alipoona tao. Mbona hakusema? Lambert akasema, "Mngemfanya nini mjane wa mchonga viatu? Mimi mlikuwa mmenizoea."

Wamemthibitisha. Lakini mwaloni ukatwe kabla ya Jumapili, mifuko ya viwavi ilowekwe chokaa izikwe. Hapo ndipo mwanangu aliomba. Kazi hakuiombea, mti aliuombea. "Nipeni wiki mbili. Nyigu hawajatoka. Nitauzungushia uzio, nitalala pale." Mwoka mikate akasema, "Mwalimu, watoto wangu watatu bado wana makovu." Lambert hakuomba tena, maana ni kweli.

27 Julai

Jua.

Wameukata. Lambert aliwaelekeza namna ya kulowesha mifuko kwanza, akawafunga watu vitambaa usoni kwa mikono yake, halafu akaenda kukaa shuleni kwenye darasa tupu. Mimi nilibaki nikatazama mpaka mwisho. Niliona ni haki yangu kutazama. Mmoja wa wakataji akauliza hizi tepe nyekundu ni za uganga gani. Nikamwambia, "Si uganga. Mwanangu alikuwa anasoma hapa, miaka mitatu."

Jioni niliweka chakula, nikamwambia, "Nimekuvunjia kazi yako."

Akasema, "Kazi itaanza upya. Mialoni ipo."

"Basi nikasirikie."

Alikata mkate vipande vidogo ambavyo hakuvila. "Mama, matawi yangeweza kukatwa na mtu yeyote. Lililoniuma ni lile ulilowaambia. Kwamba nimekata kwa ajili ya Bwana. Ulitaka wampende mtu fulani, ukawatengenezea. Huyu wa hapa hukumpeleka kwao hata siku moja."

Nilimmiminia maziwa. Aliyanywa, kwa adabu.

4 Agosti

Mvua. Kanisani wanawake walisogea kwenye benchi, nikakaa peke yangu kama niko kwenye mtumbwi. Sokoni wananiuliza, "Sina, kabichi hii umechuma wewe au Lambert?" Nami nasema nimechuma mimi. Wanastahili kucheka.

10 Agosti

Jua. Ningemwuliza kama leo ndiyo nyigu wangekuwa wanatoka. Sikuthubutu.

15 Agosti, Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria

Jua, hewa tulivu.

Leo ni siku ya kubariki mafungu ya majani ya dawa. Nilichuma yangu jana kama kila mwaka, ya homa na ya tumbo na maua ya njano katikati, nikayafunga kwa uzi. Usiku sikulala nikiwaza kama hayana vile vinywele. Nilitaka kumwomba Lambert ayatazame, nikaona haya. Nikaenda nayo.

Wanawake walikuwa wamejaa mbele ya mlango wa kanisa. Nilipokaribia na fungu langu, walifunguka pande mbili kama maji. Mmoja alifunika uso wa mtoto wake kwa shali. Walikuwa hawafanyi mzaha.

Nikasimama. Lambert alikuwa nyuma yangu, amekuja kwa misa, kofia kichwani.

Nikamgeukia nikasema, watu wote wanasikia, "Mwanangu, wewe ndiye unayejua. Mimi sijui. Yatazame."

Kabla hajajibu, Drüke alisukuma watu akaja. Klärchen alikuwa amemshika sketi. Hakunitazama. Alinyoosha fungu lake kwa Lambert. "Anza na langu, Mwalimu. Mtoto huyu ndiye atakayelibeba. Ukiona kitu, kitoe. Na kama ni kizuri kiweke kofiani, najua unataka."

Lambert akavua kofia. Akaipindua akampa Klärchen aishike, sindano na wadudu wote wanaonekana, wanawake wakachungulia wakarudi nyuma wakachungulia tena. Akalifungua fungu la Drüke jani kwa jani, akapuliza, akalifunga. "Safi, Mama Hölscher." Halafu akaja mwingine na lake, na mwingine. Paroko alitoka kuona kwa nini hatuingii, akatazama, akakaa kwenye ngazi akangoja, mikono ameificha ndani ya mikono ya kanzu.

Mimi nilisubiri mpaka wamekwisha wote. Lambert akachukua langu. Ya wengine aliyapitisha upesi. Langu alilifungua lote, akaliweka juu ya ukuta, akageuza kila jani juu na chini, akatazama mashina, akatazama uzi niliofungia. Watu walikuwa wanangoja, kengele ya pili ilikuwa imekwisha kulia.

Nikasimama hapo mikono mitupu. Sikumharakisha.